Brazil: watu 833, meya 1, madiwani 9

Ukitaja Brazil kwenye kijiwe chochote stori inaishia kwenye mpira. Leo tuuweke mpira kando kidogo tuone wale jamaa wanavyojiongoza huko mitaani kwao, maana mfumo wao una akili na una vituko pia.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Ukisikia manispaa hapa Bongo unafikiria Kinondoni au Temeke, yaani mjini. Kule siyo hivyo. Karibu nchi yote imegawanywa manispaa, zipo zaidi ya 5,500, mpaka porini Amazon. Jiji la São Paulo lenye watu zaidi ya milioni 11 ni manispaa. Serra da Saudade, kamji ka jimbo la Minas Gerais ambako sensa ya 2022 ilikuta watu 833 tu, nako ni manispaa. Kisheria hadhi yao ni moja!

Kila moja ina meya na baraza la madiwani. Meya anapigiwa kura na wananchi wenyewe (siyo kama kwetu ambako anachaguliwa na madiwani wenzake), anakaa miaka 4, akishinda tena anaongeza 4, halafu lazima apishe. Ukiwa na miaka 16 unaruhusiwa kupiga kura, ila kuanzia 18 hadi 70 ni lazima, ukikacha bila sababu kuna faini. Na hakuna karatasi: unabonyeza namba ya mgombea kwenye mashine, picha yake inatokea, unabonyeza kitufe cha kijani, kwisha kazi. Mara ya mwisho kuchagua mameya ilikuwa Oktoba 2024.

Katiba yao ya 1988 inazitambua manispaa kama sehemu kamili ya shirikisho, pamoja na majimbo na serikali kuu. Kwa hiyo Rais hawezi kuamka asubuhi akamtumbua meya. Wa kumng'oa ni mahakama, au theluthi mbili ya madiwani wake. Watu walilipania hilo kwa sababu chini ya wanajeshi walioshika nchi 1964, mameya wa miji mikuu ya majimbo walikuwa wanateuliwa kutoka juu, mpaka kura iliporudi 1985.

Kazi zao ni shule za msingi, chekechea, zahanati, mabasi ya mjini, taka, taa za barabarani. Polisi wa doria ni wa jimbo.

Sasa njoo kwenye mshiko, hapa ndo penye utamu. Manispaa inakusanya kodi ya majengo na kodi ya huduma. São Paulo hapo inapiga hela ya maana. Lakini watu 833 utawatoza nini jamani? Ndiyo maana kuna mfuko wa pamoja kutoka Brasília, unaogawa hela mara 3 kwa mwezi kufuatana na idadi ya watu. Mgao huo umepangwa kwa ngazi, na ngazi ya chini kabisa inaishia watu 10,188. Maana yake ndani ya jimbo moja, kamji ka watu 833 na mji wa watu 10,000 wanapata fungu sawa!

Umeona mchezo? Baada ya 1988 wanasiasa wa vijijini wakashtuka: tukijitenga, tunapata fungu letu, meya wetu na madiwani wetu wasiopungua 9. Zikazaliwa manispaa mpya zaidi ya 1,000, mpaka katiba iliporekebishwa 1996 kupiga breki.

Mwaka 2019 serikali ya Bolsonaro ikaleta pendekezo: mji wenye watu chini ya 5,000, na mapato yake wenyewe hayafiki asilimia 10 ya hela yote unayopata, uunganishwe na jirani. Zaidi ya miji 1,200 ilikuwa hatarini. Mameya wakaja juu, na pendekezo halikupita.

Mimi mwanzoni nilikuwa upande wa wahasibu. Madiwani 9 kwa watu 833, hesabu gani hiyo? Halafu nikawaza: wakiunganishwa, siku zahanati yao ikifungwa watamfuata nani? Meya wa mji wa jirani ambaye kura zao mia chache hazimnyimi usingizi?

Wadau, mngekuwa wakazi wa Serra da Saudade mngekubali kuunganishwa?