FUMBO LA MRABA: LAUMIZA KICHWA, LAFURAHISHA MOYO

Mtu apitaye Sosiot, katika nchi ya chai ya Kericho, wakati wa alasiri, huwakuta wakulima kwenye vituo vya kupokea majani chai wakingojea mizani na lori la kiwanda. Wengine huzungumza habari za mbolea, wengine hutazama simu zao. Katika kituo kimoja nilikuta watu wanne wameinamia karatasi iliyopigwa mistari, na ubishi wao ulikuwa mkali hata nikadhani wanagombania kilo. Kumbe walikuwa wakigombania neno moja lenye herufi nne.

Watu hao walikuwa mwalimu aliyestaafu, karani wa kituo, mzee mmoja mkulima, na mama mwenye shamba lake la chai. Karatasi ilikuwa ya mwalimu. Alikuwa amechora mraba wenye vyumba vyeupe na vyeusi, na chini yake ameandika vidokezo kwa Kiswahili. Kidokezo kilichowagombanisha kilisema hivi: "Mali ikivurugika, shika jembe (herufi 4)." Karani alikuwa amekwisha kuandika MILA, na mama alikuwa akitafuta kifutio.

ASILI YA MCHEZO

Yafaa kwanza tueleze mchezo huu ulikotoka. Fumbo la mraba la kwanza lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool nchini Uingereza aliyehamia Marekani, nalo lilichapwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba, 1913. Vidokezo vyake vilikuwa vyepesi: neno huulizwa kwa maana yake, basi. Waingereza walipoupokea mchezo waliutia hila. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, alianza kutunga katika gazeti la The Observer mafumbo ambayo maneno yake husema jambo moja na kukusudia jingine. Gazeti la The Times nalo lilianza kuchapa fumbo lake tarehe 1 Februari, 1930.

Wako wanaodhani kuwa huu ni mchezo wa wavivu. Hao na wakumbuke kwamba mwezi wa Januari, 1942, wakati wa vita, gazeti la Daily Telegraph liliwaita wasomaji wake washindane kumaliza fumbo kwa muda usiozidi dakika 12. Baadaye baadhi ya washindani waliitwa kwa siri wakafanye kazi Bletchley Park, mahali ambapo barua za siri za Wajerumani zilifumbuliwa.

KANUNI YA HAKI

Fumbo la namna hii lina kanuni, na bila kanuni lisingekuwa na utamu. Derrick Macnutt, aliyetunga mafumbo kwa jina la Ximenes tangu 1939 mpaka alipofariki mwaka 1971, alizieleza kanuni hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 1966. Kwa ufupi, kila kidokezo kizuri kina sehemu mbili. Sehemu moja yatoa maana ya neno linalotafutwa. Ya pili yatoa njia nyingine ya kulifikia neno lilo hilo. Mtungaji ana ruhusa ya kumpoteza msomaji njia, lakini hana ruhusa ya kumdanganya.

Mwalimu alinionyesha mfano katika karatasi yake: "Kikapu cha Ibrahimu kina kinywaji (4)." Msomaji huanza kufikiri habari za Ibrahimu na mzigo wake, kumbe jibu liko mbele ya macho. Chukua neno "cha" pamoja na herufi ya kwanza ya Ibrahimu, utapata CHAI. Neno "kina" ndilo lililokuambia utazame ndani.

Mfano wa pili ulisema: "Mnyama juu ya nyumba (3)." Karani alisema paka, lakini paka ana herufi nne na vyumba ni vitatu. Mzee alicheka. "Kijana wangu," akasema, "hakuna mnyama aliyepanda. Ni PAA." Kwa kuwa paa ni mnyama wa porini, na paa ndilo lililo juu ya nyumba. Neno moja, maana mbili, na kidokezo hakikusema uongo hata kidogo.

UGOMVI WA LIMA NA MILA

Sasa turudi kwenye ugomvi. Neno "ikivurugika" lamwambia msomaji avuruge herufi za MALI na kuzipanga upya. Hapo ndipo penye shida, maana herufi hizo nne zina utajiri wa ajabu. Zaweza kutoa LIMA, na MILA, na LAMI ya barabarani, na hata IMLA ya darasani. Herufi ya mwisho ya CHAI ilikuwa imekwisha kuingia katika chumba cha pili cha neno hilo, kwa hiyo lami na imla zilianguka. Lakini lima na mila zote mbili zina herufi I katika chumba cha pili!

"Kushika jembe ni mila yetu," karani alijitetea. "Wazee wetu walilima."

Mama akamjibu, "Bwana Karani, kidokezo hakikuuliza desturi. Kimekuamrisha. Ukiambiwa shika jembe, umeambiwa lima."

Mama alikuwa na haki kabisa. "Shika jembe" ni amri, nayo lima ni amri. Mila ni jina, wala jina haliwezi kusimama mahali pa amri. Hata hivyo mwalimu alikubali kwamba mraba wake ulikuwa na upungufu, kwa sababu ungalipitisha neno jingine kwenye chumba cha tatu, M ingalimaliza shauri bila maneno mengi. Akaahidi kuuchora upya. Nami nikaona jinsi kanuni ilivyowaamua watu bila kutazama nani ana cheo, nani ana elimu.

UGUMU WA NAMNA MBILI

Nilimwuliza mwalimu kwa nini asiwaletee tu mafumbo ya Kiingereza. Akasema kwamba aliyashindania kwa miaka mingi, na kwamba uko ugumu wa namna mbili. Mtungaji wa Kiingereza akiandika "ua", pengine akusudia mto, kwa kuwa neno la Kiingereza la ua laweza kusomwa kama "kitu kinachotiririka." Akiandika "baharia", pengine ataka herufi A na B tu, ambazo ni kifupisho cha daraja la mabaharia wao. Mtu asiyekulia katika mambo hayo hushindwa, akajiona mjinga, na kumbe alichokosa ni mazoea ya nchi ya watu. Huo ni ugumu wa mlango uliofungwa. Ugumu wa pili ni ule wa kitu ukijuacho kilichofichwa vizuri. Huu wa pili humwacha mtu akicheka hata akishindwa.

Mzee akaongeza kwamba kama fumbo lingeuliza habari za kijiti cha kusafishia kibuyu cha maziwa, Mkipsigis yeyote angejibu "sosiot" bila kufungua kamusi, na bwana mkubwa wa London angekaa na kalamu yake mpaka jioni.

Wala tusidhani kuwa ufundi huu ni mgeni kwetu. Wakipsigis na Wanandi wana vitendawili vyao, tangoch, vinavyotegwa jioni. Watu wa pwani walikuwa na kinyume, mchezo wa kuhamisha silabi ya mwisho mbele ya neno, ambao Edward Steere aliuandika huko Unguja katika karne ya 19. Jaribu kinyume kwa neno "lima": utapata "mali." Jaribu kwa "mila": utapata "lami." Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi ya mafumbo kabla mraba wa kwanza haujachorwa, na katika kurasa za Mambo Leo washairi walitegana mafumbo na kujibizana. Kiswahili kina vifaa vyote. Kilichobaki ni watu wa kuvitumia. Kijana anayefundishwa kwamba Kiswahili ni lugha ya mizaha, na kwamba mawazo magumu yana lugha nyingine, apewe karatasi ya mwalimu huyu kwa nusu saa.

Kilibaki kidokezo kimoja: "Mabara mawili yakiungana huwa njia (8)." Karani alisema Afrika na Ulaya, akahesabu herufi, akaona zinazidi. Mzee aliutaja mfereji wa Suez, naye hakufika popote. Mwalimu alikuwa amenyamaza, na furaha yake ilionekana usoni. Mara tukasikia mngurumo. Lori lilikuwa likipanda kilima katika matope ya mvua ya mchana, polepole, bila kukwama. Mama akasimama, akalitazama, akapiga makofi.

"Barabara!" akasema.

Karani alidhani anamsifu dereva, akaenda kwenye mizani yake. Mwalimu alimpa mama kalamu.