Kabla Hujamhukumu Mama Aliyepotelewa

Ndugu msomaji, mtu apoteapo, sisi tulio mbali hugeuka wapelelezi, kisha mahakimu. Hebu tafakari kisa hiki.

Usiku wa Agosti 17, 1980, Lindy Chamberlain na mumewe walikuwa wamepiga hema karibu na jabali la Uluru, katikati ya Australia. Mama akapiga ukelele kwamba dingo, mbwa-mwitu wa nchi hiyo, amemchukua Azaria, mtoto wao wa majuma tisa. Mtoto hakuonekana tena.

Nchi nzima ikashikwa na uchu wa kisa hicho. Watu walipima hata machozi ya mama: mbona halii? Ukazuka uvumi kwamba jina Azaria maana yake ni kafara jangwani. Wataalamu nao wakadai kuona damu ya mtoto garini. Mwaka 1982 mama, akiwa mjamzito, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Februari 1986 koti dogo la Azaria likaokotwa karibu na mapango ya dingo; mama akafunguliwa. Ikabainika kwamba madoa yaliyoitwa damu chini ya dashibodi yalikuwa dawa ya kuzuia makelele, iliyopuliziwa garini kiwandani. Mwaka 1988 mahakama ikamfutia hatia. Mwaka 2012 mchunguzi wa vifo akathibitisha kwamba dingo ndiye aliyemchukua mtoto.

Ulimi hauna mfupa, msomaji. Kisa cha namna hiyo kikufikiapo barazani au kazini, jiulize kwanza: je, wamtafuta aliyepotea, au wamtafuta wa kulaumiwa?