Ngoro za Wamatengo na Utunzaji wa Kaboni Udongoni Wilayani Mbinga
Makala haya yanafafanua nafasi ya ngoro, kilimo cha mashimo cha Wamatengo wa Mbinga, katika kupunguza gesijoto. Kwenye miteremko mikali, nyasi hufyekwa, hulazwa kwa miraba, kisha hufukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba. Matuta hupandwa maharage na, msimu unaofuata, mahindi. Nyasi hizo zingechomwa moto, kaboni yake ingepaa papo hapo, pamoja na methani na naitrasi oksaidi. Hata hivyo, si sahihi kuhesabu nyasi zote zilizofukiwa kuwa kaboni iliyohifadhiwa, kwa kuwa sehemu kubwa huoza na kurudi angani. Kinachosalia ni mboji. Hapo ndipo mashimo yanapofaa zaidi: huyakamata maji ya mvua yasiisombe mboji hiyo hadi mabondeni. Hoja kuu ya makala ni kwamba faida hii hudumu iwapo tu ngoro zinaendelea kuchimbwa. Zikiachwa kwa uhaba wa nguvukazi, udongo unaweza kupoteza kwa misimu michache kilichokusanywa kwa vizazi. Kwa hiyo, tathmini ya kaboni wilayani Mbinga haina budi kupima udongo wenyewe, si wingi wa nyasi zilizofukiwa.