Polisi wa ziwani na mchezo wa kompyuta

Juma hili nazungumzia michezo, lakini si ile ya Uwanja wa CCM Kirumba. Nazungumzia mchezo wa kompyuta ambao askari polisi huketishwa mbele yake ili ajifunze kazi, hasa ile ya kuamua upesi wakati roho za watu zimo hatarini.

Jambo lenyewe si geni. Polisi wa Uingereza wana mfumo uitwao Hydra, na wameutumia kwa miaka mingi. Maofisa hugawanywa vyumbani, wakaletewa habari vipande vipande: simu imelia, picha imefika, mkubwa anataka jibu sasa hivi. Kila uamuzi huandikwa pamoja na sababu yake, na baadaye mwenye kuamua hubanwa maswali. Siku hizi imeongezwa akili mnemba, yaani kompyuta inayoweza kujibu kama mtu. Kati ya 2015 na 2018 Umoja wa Ulaya uligharimia mradi wa LAW-TRAIN, ambamo mtuhumiwa anayehojiwa ni kompyuta, naye hubadilika kwa kufuata jinsi anavyoulizwa.

Sasa hayo yanatuhusu nini sisi wa Mwanza? Turudi 21 Mei 1996. MV Bukoba ilipinduka ikikaribia kufika hapa. Kwa muda ilielea kichwa chini, tumbo lake likionekana juu ya maji, na ndani watu waliokuwa hai wakigonga bati. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Chukua kikombe, kifunike juu ya maji ya beseni, ukikandamize: hewa iliyomo ndani inazuia maji yasiingie. Toboa kitako chake, hewa itatoka na kikombe kitazama. Ndivyo ilivyokuwa. Waliokufa siku hiyo walizidi 800, kwenye meli iliyoruhusiwa kubeba watu 430.

Simlaumu aliyetoboa. Nani angesikia kugongwa kule akakaa kimya? Lakini kwenye mchezo askari angetoboa, angeiona meli ikizama kwenye kioo cha kompyuta, asingekufa mtu, na angeanza upya. Mara ya pili angetafuta kwanza namna ya kuishikilia meli isizame, na wapiga mbizi waingie kwa chini. Kwamba yawezekana tuliona MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, 20 Septemba 2018: baada ya siku mbili wapiga mbizi walimtoa fundi wa kivuko akiwa hai.

Hata hivyo, mchezo uliotengenezwa kwa ziwa la wenzetu usiletwe hapa kama ulivyo. Kompyuta ya Ulaya itamwambia askari asome orodha ya abiria. Orodha ipi? Kwenye MV Nyerere mkata tiketi alizama na mashine yake, na kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kilitolewa maiti zaidi ya 200. Na huyo mtuhumiwa wa kompyuta, ikiwa amefundishwa kwamba anayekwepa macho anadanganya, atawaponza vijana wetu. Kwetu kijana kumwinamishia macho mkubwa ni adabu.

Kuna na wavuvi. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba, 6 Novemba 2022, waliotangulia kufika ni wao na mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 24 waliokolewa. Taarifa ya awali ya uchunguzi ilieleza kwamba wapiga mbizi wa polisi walifika baada ya saa kadhaa, nao hawakuwa na oksijeni ya kutosha wala mafuta ya boti.

Mafuta hayatoki kwenye kompyuta, hilo nakubali. Lakini mimi ningetaka mchezo wetu umuulize ofisa, kabla ya swali lolote jingine, boti yake ina lita ngapi leo asubuhi, na mitungi mingapi imejaa. Akijibu hajui, mchezo usimame hapo hapo, na jibu lake lipelekwe kwa anayeandika bajeti. Na wavuvi waitwe wacheze pamoja na askari, kila mmoja ajue nani anamwamuru nani siku ya msiba. Kwa kuanzia, hata kompyuta si lazima. Ramani ya Ghuba ya Mwanza juu ya meza, saa ya ukutani, na mwalimu mkali vinatosha.