Baba iko kwenye kariere: mutoto ataandikwa kwa jina la nani?

Kila mara lisiti ya musaada inapopita katika kartiye za Kimemi, swali la kwanza ni majina ya watoto, na la pili ni hili: «Baba yao iko wapi?» Mama wengi wanashindwa kujibu kwa neno moja. Hakufa. Hakukimbia, ao hakusema kama amekimbia. Alienda upande wa Manguredjipa ao wa Mambasa kutafuta zahabu, alituma kitu mara mbili tatu, na tangia pale simu yake haiingii. Kwenye karatasi ya mwenyi kuandika, jibu kama hilo halina pahali. Kuna «anaishi», kuna «alikufa». Katikati ya hayo mawili ndimo wanaishi watoto wengi wa wachimbaji.

Tuanze na ginsi musaada wenyewe unahesabiwa, juu watu wengi wanafikiri makuta ni ya mutoto. Mara nyingi si hivyo. PAM na mashirika mengine ya musaada yanahesabu nyumba: watu wenyi kulala pamoja na kula kwenye chungu kimoja. Mutu muzima mmoja anapokea kwa ajili ya wote. Mutoto mwenyi hana mukubwa wa kumusimamia hawezi kupewa makuta mukononi, hata akiwa na njaa kuliko wote; ni lazima kwanza apatiwe familia ya kumupokea.

Sasa, kama baba ndiye aliandikwa kuwa mukubwa wa nyumba na siku ya kuhakikisha majina, ya kuweka kidole kwenye mashine, yeye iko ndani ya shimo huko Bapere, jina linakwama. Kama mama ndiye aliandikwa, anaweza kuingia katika fungu la wanawake wenyi kulea watoto peke yao, na fungu hilo mara nyingi linatangulizwa. Kwa hiyo kukosekana kwa baba kunafunga mulango mmoja na kufungua mwingine. Hapo ndipo maneno yanaanza. Baba akishuka Noeli na suruali mpya, jirani wanakimbia kwa shefu wa kartiye: «Ule mama alidanganya, bwana yake iko!» Kwa maoni yetu, mama yule hakudanganya. Mwaka muzima ni yeye alitafuta unga na minervale. Swali la haki lingekuwa: ni nani analisha mutoto huyu mwezi huu? Lakini mwenyi kuandika ana dakika chache kwa kila nyumba, na anafwata maswali aliyopewa.

Jambo lingine dogo lenyi kuleta shida kubwa ni simu. Mara nyingi musaada unapita kwa telefone. Kama namba iliandikwa kwa jina la baba na karte iko naye kwenye kariere, pahali rezo haifike, mama anaweza kusikia kama makuta yaliingia bila kuyaona.

Na wale wenyi nyumba mbili? Tuseme ukweli, wachimbaji wanajuana. Kuna bibi wa Butembo na kuna bibi wa kariere. Baba mmoja anahesabiwa pande mbili, ao hahesabiwi hata pamoja. Vita imezidisha mambo hayo. Tangia Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23 mwisho wa Juni 2024, na mashambulizi ya ADF kuongezeka katika Bapere mwaka uleule, kina mama walifika muji na watoto bila kujua kama baba alibaki nyuma, alikimbilia pengine, ao aliuawa. Watoto wengine wako kwa koko yao, na koko mwenyewe hana hata karte ya kuchagua.

Majina yetu nayo hayasaidii. Kambale, Paluku, Masika, Kavira: jina la Kinande linaonyesha mutoto alizaliwa wa ngapi, halionyeshi baba yake. Kwenye lisiti ya avenyi moja utakuta Kambale kumi. Kwa hiyo karatasi ndiyo inaongea, na karatasi ndiyo wengi hawana. Uchunguzi wa MICS wa 2017-2018 ulionyesha kama katika Kongo yote, watoto wenyi kuandikwa eta sivili mbele ya kufikisha miaka tano walikuwa 40 kwa mia tu.

Sheria ya inchi haikusahau mutoto wa baba asiyekuwako. Katiba ya 2006, kwenye artikle 41, inasema mutoto ana haki ya kujua majina ya baba na mama yake. Sheria ya jamaa ya 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema kwenye artikle 591 kama kila mutoto wa Kongo anapaswa kuwa na baba, na kama hakuna mwenyi ruhusa ya kukana mutoto wake, azaliwe ndani ya ndoa ao inje. Kuandikisha kuzaliwa kunafanyika ndani ya siku 90. Mama anaweza kwenda peke yake, ao mutu wa jamaa ya upande wowote. Siku 90 zikipita, inaomba hukumu ya tribinali, na hapo kuna kwenda na kurudi, na makuta ya njia.

Kama ndoa ni ya sheria, bwana anahesabiwa kuwa baba hata akiwa mbali. Kama ndoa haiko, mbuzi hazijatolewa na hakuna kitu mbele ya eta sivili, baba anapaswa kutambua mutoto yeye mwenyewe. Akikataa, mama anaweza kumushitaki ili ubaba utafutwe. Hata ubaba usipohakikishwa, tribinali inaweza kulazimisha mwanaume aliyelala na mama wakati wa mimba kutoa makuta ya kulea. Na mutoto asiyepatikana na baba kabisa, tribinali inaweza kumupa baba wa sheria, mara nyingi kutoka jamaa ya mama. Watu wachache wanajua hilo.

Kwa musaada wa dharura, jina la baba halihitajiki sana. Linahitajika kwa makuta ya muda murefu: posho ya familia na pensheni ya yatima kwenye CNSS kwa wale wenyi kazi ya kulipiwa, na zaidi uriti. Sheria inaweka katika fungu la kwanza la warizi watoto wa ndoa na wale wa inje ambao baba aliwatambua angali hai. Shimo likianguka, hawezi tena kwenda eta sivili. Na kama maiti haikutolewa, bibi yake si mujane kwenye karatasi mpaka tribinali itangaze kifo.

Inchi zingine zilipita hapo. Kenya ilianza mwaka 2004 kutoa makuta kwa nyumba 500 zenyi yatima, huko Kwale, Garissa na Nairobi, lakini mutoto ambaye baba yake ni muzima na amepotea si yatima kwa hesabu. Afrika ya Kusini, inchi ya wachimbaji wenyi kuishi mbali na watoto, ilibadilisha mutindo katika 1998: makuta yanafwata mutoto na mutu anayemulea, mama, koko ao shangazi. Hapa kwetu hakuna makuta kama hayo ya Leta, na musaada wa inje umepunguka sana tangia 2025.

Kwa hiyo, papa, mbele ya kupanda gari ya Manguredjipa, pita komine na mutoto. Acha namba ya simu kwa jina la bibi yako. Julisha shefu wa kartiye kama yeye ndiye anabaki mukubwa wa nyumba. Na wewe mujomba unayelea mutoto wa dada yako, kusema kwa kinywa «huyu ni wangu» hakutoshi siku ya kuandika: omba tribinali ya watoto ikuandike baba wa sheria, ao pale haiko, nenda tribinali ya amani.