Masomo Ndani ya Magereza ya Uganda

Huko Luzira, pembeni mwa Kampala, wafungwa hufanya mitihani ile ile ya Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda ifanywayo na watoto wa uraiani. Walimu wao wengi ni wafungwa wenzao. Wako waliofika mbali. Bibi Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo mwaka 2002, alisomea sheria humo gerezani kwa mpango wa Chuo Kikuu cha London. Na kesi yenye jina lake ndiyo iliyoifanya Mahakama ya Juu, mwaka 2009, kukataa adhabu ya kifo kuwa ya lazima. Alifunguliwa mwaka 2016.

Hata hivyo, mkaguzi hatosheki kwa kusimuliwa habari za waliofaulu. Mtihani humpima aliyeufikia. Haumwoni yule asiyejua kusoma, ambaye hata kuandikishwa hakuandikishwa. Uingereza, nchi yenye wakaguzi tele, ililiona jambo hilo mwaka 2022: wakaguzi wa elimu pamoja na wale wa magereza walizuru magereza sita, wakakuta masomo ya kutafutia vyeti hayakuwa yakiwafundisha kusoma wale waliohitaji zaidi.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, ziitwazo za Nelson Mandela, zataka kisomo kwa wasiojua kusoma kiwe cha lazima, na masomo ya gerezani yaungane na ya nchi ili mtu akitoka aendelee bila taabu. Zataka pia ukaguzi wa namna mbili: wa idara yenyewe, na wa chombo cha nje kinachoweza kufika bila taarifa na kuzungumza na wafungwa faraghani. Uganda inayo Tume ya Haki za Binadamu, iliyopewa na Katiba ya mwaka 1995 kazi ya kukagua magereza.

Hapa ndipo jambo hili linapomgusa askari. Darasa la gerezani huanza kwa ufunguo. Zamu ikipungukiwa na watu, mlango wa darasa ni rahisi kuuacha umefungwa, wala hakuna atakayelalamika. Na mfungwa akihamishwa katikati ya muhula, masomo yake hukatika. Kwa hiyo mkaguzi mwerevu haanzi na ubao. Huomba daftari la mahudhurio, akalilinganisha na kitabu cha zamu, kisha humpa mfungwa aliyeketi nyuma kabisa ukurasa mmoja ausome kwa sauti.