Mafuta ya Ziwa Hayatawasha Taa za Uvira

Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta na vitatu vya gesi. Dunia nzima ilipiga kelele kuhusu misitu ya Ikweta na sokwe wa Virunga, na kelele hizo zilikuwa za haki. Lakini aliyeifungua ramani alikuta jambo ambalo redio zililipita haraka: vitalu 11, fungu kubwa kuliko yote, vilikuwa katika bonde la Tanganyika. Oktoba 2024 waziri wa hidrokaboni, Aimé Sakombi Molendo, aliufuta mnada huo akitaja uchache wa washindani, nyaraka zilizochelewa na ofa zisizofaa. Mnada ulikwisha, swali likabaki mitaani: kama chini ya ziwa letu kuna mafuta, kwa nini mji wetu wa Uvira ulale gizani?

Nianze na mafuta yenyewe, maana yanazungumzwa sana na kuelezwa kidogo. Tanganyika ni ufa wa ardhi uliojaa maji. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, na kina chake kinafika mita 1,470. Ukishuka kuanzia mita 100 hadi 200 hivi, maji hayana tena oksijeni. Viumbe vidogo vinavyokufa juu huzama hadi huko na haviozi vikaisha. Hufunikwa na udongo unaoletwa na mito, tabaka juu ya tabaka, hadi mashapo yanakuwa mazito kwa kilomita kadhaa. Joto la ardhini likiyafikia, mabaki hayo hugeuka polepole kuwa mafuta. Kwa hiyo anayesema ziwani kuna mafuta hasemi ndoto. Kule Kalamba, kusini zaidi upande wetu wa ziwa, mafuta hujitokeza yenyewe juu ya maji.

Ila mafuta kuwapo ni jambo moja, na kuwa mengi, yakiwa yamenaswa mahali panapochimbika, ni jambo jingine. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili katika tambarare ya Rusizi upande wa Burundi, ng'ambo tu ya mto kutoka kwetu, na haikupata mafuta ya kuuza. Visima viwili havitoshi kulihukumu bonde zima. Vinatosha kuwaonya wanaotangaza utajiri kabla ya kuchimba.

Tuseme basi yapatikane. Kongo si mgeni wa mafuta. Tangu 1975 yanachimbwa pwani ya Muanda, mwisho wa magharibi wa nchi, na tangu mwaka 2000 mchimbaji mkuu ni kampuni ya Perenco. Uzalishaji umekuwa ukizunguka mapipa 20,000 hadi 25,000 kwa siku. Yote huuzwa nje yakiwa ghafi. Nchi haina kiwanda cha kusafisha mafuta kinachofanya kazi, kwa hiyo esansi na mazutu yetu yote hununuliwa nje kwa dola. Ya Uvira hutoka Bahari ya Hindi: bandari ya Dar es Salaam, kisha barabara ndefu, kisha mpaka wa Kavimvira au meli hadi bandari ya Kalundu. Bei ambayo kadafi, muuza mafuta wa mtaani, anakutajia kando ya barabara, akiwa na chupa na faneli yake, imebeba ndani yake malori, ushuru, vizuizi vya barabarani na thamani ya franka siku hiyo. Nusu karne ya Kongo kuwa nchi ya mafuta haijaipunguza. Na miaka hii Burundi ilipokaukiwa mafuta, bidoni zilianza kuvuka kutoka Uvira kwenda Bujumbura, nasi tukagombania kile kidogo tulicho nacho.

Tazama pia Uganda, ambayo mafuta yake yako katika bonde la aina hii hii, kwenye Ziwa Albert. Yaligunduliwa mwaka 2006. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza fedha ulitiwa saini Februari 2022, miaka 16 baadaye, na bado bomba la kilomita 1,443 lilipaswa kujengwa hadi Tanga. Uganda ilifanya hayo ikiwa na amani katika eneo la visima, kampuni kubwa za TotalEnergies na CNOOC, na jirani mwenye bandari aliyekubali bomba lipite kwake. Sisi tuna lipi kati ya hayo? Mtoto anayezaliwa leo mtaa wa Mulongwe atakuwa amemaliza sekondari kabla ya pipa la kwanza la Tanganyika kufika sokoni, na pipa hilo lingepita mbele ya nyumba yao likielekea melini.

Kisha kuna ziwa. Bahari ina mikondo na mawimbi ya kutawanya uchafu. Tanganyika ina mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na sehemu kubwa kabisa ya maji yake huondoka kwa mvuke. Maji yakiondoka kwa mvuke, uchafu hubaki. Mafuta yakimwagika upande wa Fizi yatamfikia mvuvi wa Rumonge na wa Kigoma pia, na ndiyo maana Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa ziwa hili mwaka 2003, zikikubali kupashana habari kabla ya kazi yenye hatari kuanza. Samaki nao tayari wana shida. Utafiti uliotoka mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini, hivyo chakula cha samaki kikapungua kwa karibu asilimia 20, na ukakadiria kwamba samaki wanaovuliwa wamepungua kwa karibu asilimia 30. Kulichimbia ziwa hilo mafuta ni kulipiga mara mbili.

Umeme wa Uvira una njia nyingine, nayo inapita karibu na mlango wetu. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika mita 770 hivi. Mto Rusizi hushuka tofauti hiyo ya karibu mita 690, sehemu kubwa ikiwa katika makorongo kabla ya kufika Kamanyola. Maji mengi yanayoanguka kutoka juu, tena mwaka mzima kwa sababu Kivu ni tangi lake, ndicho kitu ambacho kila mhandisi wa umeme hukitafuta. Kituo cha umeme cha Rusizi I kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kikiwa na megawati 29.8. Rusizi II, mali ya Kongo, Rwanda na Burundi kupitia kampuni yao ya SINELAC, ilikuja mwaka 1989 na megawati 43.8. Jumla haifiki 75, na hizo zinagawanywa katika nchi tatu. Mtandao wa umeme wa mashariki haujaunganishwa na bwawa la Inga. Waya mkubwa wa Inga ulivutwa hadi migodi ya Katanga, ukapita juu ya vijiji bila kuviachia hata balbu.

Umeme unapokatika Uvira, madhara hayaishii kwenye giza. Pampu za REGIDESO, shirika la maji, zikisimama, akina mama na watoto huchukua bidoni na kwenda kuteka ziwani au mtoni, na humo ndimo kipindupindu kinamoishi. Watafiti wa London waliofuatilia takwimu za Uvira za 2009 hadi 2014 walichapisha matokeo mwaka 2015: baada ya siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa wastani wa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Karibu robo ya wagonjwa wote walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba. Kwangu mimi hesabu hiyo ina uzito kuliko mapipa yote yanayokisiwa.

Nenda ufukweni jioni isiyo na mwezi uone kile ambacho wavuvi wamekwisha kukiamua. Zamani kila chombo cha kuvulia ndagala kilibeba karabai, na sehemu ya mavuno ya usiku iliishia kulipia mafuta ya taa. Sasa utaona taa ndogo za LED zimefungwa kwenye mti juu ya maji, betri chini ikiwa imefunikwa plastiki isipate maji, na mchana paneli imeegemezwa kwenye bati la nyumba. Hakuna waziri aliyewaagiza. Walipiga hesabu ya mafuta ya taa na karabai, wakabadili.

Jikoni hapajabadilika hivyo. Makala bado yanashuka kwa magunia kutoka milimani na kuja kwa mitumbwi kutoka upande wa Fizi, na kila gunia ni miti iliyokuwa imeshikilia udongo. Milima iliyo wazi ndiyo inayoutuma mto Mulongwe mjini kwa ghadhabu, kama ulivyokuja Aprili 2020 ukabomoa nyumba na mabomba ya maji. Paneli ya kuwasha balbu haiwezi kuivisha bugali na maharagwe. Kwa hilo unahitajika umeme wa maji, mwingi, wa bei ambayo familia itaimudu.

Umeme wa kituo kipya cha Rusizi III, kilichosanifiwa kwa megawati 206, utagawanywa sawa katika nchi hizo tatu. Fungu la Kongo ni karibu megawati 69. Vita vya mashariki vimechelewesha mengi, na amani ikija maamuzi ya nyaya yatafanywa haraka, mezani, mbali na hapa. Mbunge wako atakapokuja tena kuomba kura, usimuulize habari ya mafuta ya ziwani. Muulize katika megawati hizo 69 Uvira imeandikiwa ngapi, waya utapita wapi, na pampu za maji zitaunganishwa lini. Akikosa jibu, mwambie arudi nalo.